Umeme wa Kiyoyozi katika Gari za Wazee Wetu: Ulikotoka na Unapokatikia

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Oman na katika nchi jirani za Ghuba, imo gari moja ya zamani ambayo hapana anayetaka kuiuza. Aghalabu ni Mercedes ya umbo la 123, au Land Cruiser, au Chevrolet Caprice iliyonunuliwa siku zile mzee wa nyumba alipopata kazi yake ya kwanza. Injini yake bado inawaka. Rangi imefifia lakini imo. Kinachoifanya isimame uani mwaka mzima ni kiyoyozi tu, kwani huku kwetu gari isiyotoa baridi haipandiki tangu Mei hadi Septemba, wala huwezi kumpakia ndani yake mama mzee au mtoto mchanga.

Vijana wanapoipeleka gari hiyo gereji huambiwa neno moja kati ya mawili: gesi imekwisha, au kompresa imekufa. Ninayotaka kuyaeleza hapa ni kwamba mara nyingi hapana kilichokwisha wala kilichokufa. Umeme ndio uliokatika mahali fulani njiani. Na mahali hapo pa kupatafuta panategemea mwaka ilipotengenezwa gari, kwa sababu kila zama ziliongeza mlinzi wake juu ya waya ule ule mmoja unaokwenda kwenye kompresa. Anayetaka kuijua kasoro basi, hana budi kwanza kuijua tarikhi.

Tarikhi hiyo inaanzia Marekani. Kampuni ya Packard ndiyo iliyotangulia kuuza gari zenye kiyoyozi kutoka kiwandani, katika gari zake za mwaka 1940, kwa nyongeza ya dola 274. Mtambo wa kupozea ulikaa nyuma ya kiti cha nyuma na kula sehemu kubwa ya buti. Lakini ajabu yake kubwa ni kwamba haukuwa na njia yoyote ya kuzimwa. Kompresa ilizungushwa na mkanda wa injini wakati wote injini inapozunguka, na dereva alichoweza kukigeuza ni kasi ya feni peke yake. Akitaka kuizuia kompresa, asimame, azime injini, afungue boneti na kuuvua mkanda kwa mkono wake. Baada ya mwaka 1941 Packard wakaiacha biashara hiyo.

Mtu akicheka leo na acheke, lakini kompresa ile ya Packard haikuweza kupata kasoro ya umeme hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na umeme uliokwenda kwake. Kasoro tunazoziita za umeme wa kiyoyozi zilizaliwa pamoja na dawa ya usumbufu ule, nayo ni klachi ya sumaku, iliyoenea katika miaka ya 1950. Ndani yake mna koili ya waya wa shaba. Ikipata umeme hugeuka sumaku, ikavuta sahani ya chuma iliyo mbele ya kapi, na sahani ikishika kompresa huanza kuzunguka. Umeme ukiondoka sahani huachia, na kapi huzunguka bure. Mlio ule wa «tak!» tunaousikia tukiwasha kiyoyozi ni sahani hiyo. Mwaka 1954 kampuni ya Nash ikaviweka vyombo vyote vya kupozea mbele ya gari, vikachanganywa na vile vya kupashia moto, na bei ikashuka chini sana ya zile za gari za fakhari. Tangu hapo kiyoyozi kikaanza kuwa kitu cha watu, na mwaka 1968 gari ya Ambassador ya kampuni ya AMC ikauzwa nacho bila ya malipo ya ziada.

Umeme wenyewe nao ulipaswa kuongezeka. Feni ya ndani ikizungushwa kwa kasi kubwa huweza kula ampea 15 hadi 20, na klachi hula 3 au 4 juu yake. Dainamo za kale hazikuuweza mzigo huo, khasa gari inapotambaa mjini. Altaneta, ambayo Chrysler waliitia katika Valiant ya mwaka 1960 na wengine wakawafuata, ndiyo iliyoufanya mzigo huo uchukulike.

Hapa ndipo wanapoingia watu wetu. Gari walizozijua wazee wetu Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa Morris, Austin, Ford Anglia na Peugeot, na kiyoyozi chao kilikuwa kidirisha kidogo cha pembeni kilichogeuzwa kikamate upepo. Fundi wa umeme wa zama hizo alisomea kwenye nyaya za Lucas: dainamo ya ampea 22, fyuzi mbili kwa gari nzima, na katika gari nyingi za Kiingereza waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Elimu hiyo inaonekana ndogo, lakini ilimlazimisha fundi aufuate waya kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa, maana hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Baada ya Januari 1964 wengi walitawanyika, na baada ya tarehe 23 Julai 1970, aliposhika Sultani Qaboos bin Said, wengi wao wakarejea Oman. Nchi ilikuwa na kilomita zipatazo 10 tu za barabara ya lami. Katika miaka michache barabara zikafunguka kwenda Sohar na Nizwa, gari zikaingia kwa mafungu kutoka Marekani, Ujerumani na Japani, na gereji zikajaa Ruwi na Wadi Kabir, mahali ambapo majabali meusi huhifadhi joto la mchana mpaka usiku wa manane. Katika gereji hizo Mswahili, Mhindi na Mbaluchi walifanya kazi boneti moja, na kila mmoja akayaokota maneno ya mwenzake. Fundi aliyezoea fyuzi mbili akajikuta mbele ya Caprice yenye kiyoyozi, na hapana aliyemfundisha. Jambo moja lililowatesa wengi lilikuwa rangi za nyaya. Katika gari za Kiingereza waya wa kahawia ni umeme mkali wa betri, haukupita fyuzi. Katika gari za Kijerumani waya wa kahawia ndio wa bodi. Katika Toyota wa bodi ni mweupe wenye mstari mweusi. Aliyeichukua kanuni ya Morris akaipeleka katika Mercedes alipata cheche badala ya baridi.

Sasa tuwatazame walinzi kwa zama zao.

Wa kwanza alikuwa tamostati. Evapureta, yaani kile kibati kinachopoa ndani ya dashibodi, ikipoa kupita kiasi huganda barafu na upepo hauwezi tena kupita. Kwa hivyo wakatia swichi yenye mrija mwembamba uliochomekwa ndani ya mapezi yake, ambayo hukata umeme wa klachi ikikaribia kuganda na kuurudisha ikipata joto. Viyoyozi vingi vilivyofungwa na mawakala baada ya gari kununuliwa, na vilikuwa vingi sana Ghuba, havina mlinzi zaidi ya huyu. Kama gari yako ni ya namna hiyo, kazi yako ni nyepesi: fyuzi, swichi ya feni, tamostati, klachi, basi. Mrija ule ukivunjika au ukichomoka mahali pake, tamostati haiagizi tena sawasawa, na dalili yake mara nyingine ni gari inayopoa vizuri kwa nusu saa kisha upepo ukafifia mpaka ukatoweka. Mwenye gari hudhani feni imechoka, kumbe mna barafu.

Wamarekani wakaongeza swichi inayohisi ubaridi wa nje, ili kompresa isiwake wakati wa theluji. Katika Maskati swichi hiyo haina kazi yoyote duniani isipokuwa kuharibika, na ikiharibika huizuia kompresa kana kwamba tuko Chicago mwezi wa Januari. Nimeona watu wakibadilisha kompresa kwa ajili yake.

Mwanzo wa miaka ya 1970 General Motors wakatia mlinzi wa namna ya peke yake katika gari zenye kompresa yao ya A6. Nyuma ya kompresa mna swichi inayofunga njia ya umeme pale ambapo joto limepanda na presha imeshuka, hali inayoonyesha kuwa gesi imepungua na mafuta hayazunguki. Swichi hiyo ikifunga, umeme hupita katika kikinzani kidogo kilichomo ndani ya fyuzi maalumu yenye ncha tatu, kikapata moto, kikaiyayusha fyuzi, na klachi ikanyimwa umeme. Haijirudishi. Mpaka mtu atie mpya. Wajuaji wa gereji wakaona njia ya mkato: kuunga kipande cha waya baina ya ncha mbili za fyuzi hiyo, gari ikapoa, mteja akashukuru akaenda zake. Gesi ilipopungua siku ya pili hapakuwa tena na mlinzi, kompresa ikazunguka kavu mpaka ikajitafuna. Nimeijua Caprice moja ya mwaka 1975 iliyobadilishiwa kompresa mara tatu katika gereji tatu, na kipande cha waya kikiwa pale pale siku zote, kimeviringishwa utepe mweusi kwa unadhifu. Ukitia fyuzi mpya nayo ikayeyuka, usitie ya pili kabla ya kupima gesi na kuikagua swichi iliyo nyuma ya kompresa.

Wajerumani walipita njia nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Mercedes waliazima kwa Chrysler mtambo wa kuendesha joto na baridi kwa nguvu zake wenyewe, wakautia katika gari zao za bei kubwa, zikiwamo baadhi ya zile za umbo la 123. Ndani yake mna chombo kimoja kinachotawala mambo matatu kwa pamoja: maji ya moto ya injini, vakyumu inayofungua vidirisha vya upepo, na umeme wa feni na klachi. Kuyapitisha maji ya moto ndani ya kifuko cha plastiki kilicho jirani ya vigusio vya umeme ni fikra ambayo sijapata kuielewa mpaka leo. Plastiki ilipasuka, maji yakaingia kwenye vigusio, na gari ikatoa moto wakati dereva anataka baridi. Mwenye gari kama hiyo aanze hapo kabla ya kushika kompresa. Lakini 123 nyingi zina kiyoyozi cha mkono kisicho na chombo hicho, na katika hizo mkosaji wa kwanza ni fyuzi. Zile fyuzi zenye umbo la risasi na ukanda wa alumini huota ukungu kwenye ncha zake; ukizitazama ni nzima, umeme haupiti. Zizungushe kwa kidole mahali pake, kisha uwashe. Ikiwa kiyoyozi kimeamka, nunua za ukanda wa shaba uzibadilishe zote.

Wajapani ndio walioleta elektroniki ndogo ndogo. Katika Toyota za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980, juu ya evapureta hukaa kisanduku ambacho hupokea khabari mbili: ubaridi wa evapureta kutoka kwenye kihisio, na mwendo wa injini kutoka kwenye koili ya moto. Injini ikizunguka pole pole kupita kiasi, kisanduku huikata klachi ili injini isizime. Kihisio katika Toyota nyingi husoma omu 1,500 hivi kwa joto la nyuzi 25, na kikipoa namba hupanda. Kikivunjika waya, kisanduku hudhani evapureta ni barafu tupu. Na ndani ya kisanduku chenyewe risasi za kuungia hupasuka kwa joto na mtikisiko wa miaka, ndiyo maana gari hupoa asubuhi na kukataa adhuhuri, au hupoa ukigonga dashibodi kwa ngumi. Hapo kisanduku hakihitaji kutupwa. Kinahitaji mtu mwenye macho mazuri na chuma cha kuchomea risasi. Zama hizo hizo zikaleta swichi ya presha yenye mipaka miwili, inayokata umeme presha ikishuka chini ya kilo 2 hivi kwa sentimita ya mraba, au ikipanda kupita kilo 27.

Hao ndio walinzi, na wote wamepangwa mmoja baada ya mwingine juu ya njia moja. Akilala mmoja, klachi haisikii kitu. Kwa hivyo namna ya kutafuta ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Zima injini. Chomoa waya wa klachi, uipe klachi umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 10. Ikilia «tak!», klachi ni hai, na kasoro iko kwa walinzi au kwenye nyaya. Isipolia, tazama kwanza bodi yake, kwa maana koili nyingi hurudisha umeme kupitia chuma cha kompresa na kishikizo chake, na mtu aliyepaka rangi injini ili ipendeze huenda amekifunga kishikizo juu ya rangi.

Katika kurudi nyuma huko, taa ya kupimia waliyoizoea mafundi wetu inasaidia lakini inaweza kudanganya. Taa ndogo hula umeme kidogo sana, hivyo itawaka vizuri kwenye waya ulioliwa na kutu la kijani ambao hauwezi kubeba ampea 4 za klachi. Pima kwa mita, tena klachi ikiwa imeungwa na kiyoyozi kimewashwa. Kama betri ina volti 12.5 na klachi inapata 10, volti mbili na nusu zimeliwa njiani, katika kiungo kibovu au swichi iliyoungua.

Iko kasoro moja ambayo imewagharimu watu wetu kompresa nyingi kuliko zote, nayo ni ile ya gari kupoa safari nzima, ukasimama dakika kumi kwa shughuli, ukarudi na klachi haishiki tena mpaka jioni. Hapana waya uliokatika hapo. Shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka: koili yenye omu 3.6 katika nyuzi 20 hufika omu 4.7 katika nyuzi 100, na umeme wake kwa volti 12 hushuka kutoka ampea 3.3 hadi 2.5. Sumaku imedhoofika. Tena sahani ya klachi imelika kwa miaka, na mwanya kati yake na kapi, unaotakiwa uwe kiasi cha nusu milimita, umekuwa milimita moja au zaidi. Sumaku dhaifu haiurukii mwanya mpana. Chukua kijiti cha mbao, uisukume sahani kidogo injini ikiwa imezimwa na kiyoyozi kimewashwa. Ikishika na kubaki imeshika, umeipata. Dawa yake katika kompresa nyingi za Kijapani ni kuondoa kijibati chembamba kimoja nyuma ya sahani, kazi ya robo saa.

Kwa nini niyaandike haya sasa, wakati gari mpya zina kompyuta inayoeleza kasoro zake? Kwa sababu ya gesi. Gari zote nilizozitaja zilitengenezwa kwa gesi ya R-12, ambayo inaharibu tabaka ya ozoni na ambayo mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliamua iachwe. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 1995, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. Fundi anayeambiwa kiyoyozi hakipoi, akafungua vali na kuiachia gesi hewani ili «aanze upya», ametupa kitu ambacho mwenye gari hatakipata tena, na amevunja sharia za nchi nyingi, na pengine swichi ya senti chache ndiyo iliyokuwa imelala. Kabla ya hapo na aunge geji gari ikiwa imezimwa na imepoa. R-12 ikiwamo, katika joto la nyuzi 30 geji itasoma karibu kilo 6 na nusu. Namba hiyo haikwambii gesi ni kiasi gani, lakini inakwambia haikwisha, na kwamba swichi ya presha ya chini haina sababu ya kukata.

Kuigeuza gari itumie R-134a kunawezekana, na walio wengi wameshageuza. Lakini inataka mafuta mengine, kikaushio kipya na kondensa iliyo safi, na baridi yake katika gari ya zamani hupungua kidogo. Walinzi wa umeme wanabaki wale wale.

Jambo la mwisho ni fyuzi kubwa. Feni ya ndani ikizeeka bushi zake hukaza, ikala ampea nyingi, fyuzi ikakatika. Mtu akatia kubwa zaidi, na zaidi, mpaka msumari. Waya wa feni hupita nyuma ya dashibodi, karibu na zulia na mapamba ya kuzuia kelele. Kama feni ya Mercedes au Caprice inakata fyuzi yake mara kwa mara, itoe feni uizungushe kwa mkono. Isipozunguka kwa wepesi ibadilishe. Na ikiwa feni inavuma kwa kasi ya juu tu na kasi nyingine zote zimekufa, feni ni nzima: kilichoungua ni kile kikinzani chenye masipringi kilichofungwa ndani ya njia ya upepo, na hutoka kwa skrubu mbili au tatu.

Michoro ya nyaya ya gari hizi ilichapishwa ndani ya vitabu vya ufundi vya kila mwaka wa gari. Mwenye nacho kimoja cha mzee wake, hata kama kimechafuka mafuta, akiweke ndani ya nailoni chini ya kiti cha dereva, pamoja na fyuzi mbili tatu za kipimo cha asili.